Kiti cha Hukumu Ndani ya Nafsi

Miongoni mwa masimulizi ya Biblia yanayohubiriwa mara nyingi katika makanisa ya Afrika Mashariki, yale ya hukumu yana nguvu ya pekee, kwa kuwa humwonyesha Mungu akitenda mbele ya macho ya wote: maji yanaifunika nchi siku za Nuhu, lugha zinachafuka Babeli, moto unashuka juu ya Sodoma na Gomora, na mkono usio na mwili unaandika ukutani katika karamu ya Belshaza. Anayeyasikiliza masimulizi hayo ana njia mbili za kuyapokea. Anaweza kusimama upande wa hakimu na kutafuta ni jirani yupi anayefanana na watu wa Sodoma, au anaweza kukubali kwamba aliyeitwa barazani ni yeye mwenyewe, na kwamba mji unaoteketea, maji yanayopanda na maandishi yaliyo ukutani ni ishara za mambo yanayotendeka katika ufahamu wake wa ndani. Tafakari hii inaitetea njia ya pili, tena inaitetea kwa kutazama mahali mahususi, yaani Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa mkoani Rukwa, ambako swali la nani ahukumiwe limewahi kuulizwa kwa namna iliyowaumiza watu.

Kabla ya kwenda mbali ni vema istilahi zieleweke. Ufahamu wa ndani, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni ule uwezo wa nafsi wa kujitambua, wa kujua kwamba inajua, inataka, inaogopa na inaficha. Dhamiri ni sehemu ya ufahamu huo inayopima matendo na kuyatolea uamuzi, ile ambayo mtume Paulo, katika waraka wake kwa Warumi, anaieleza kuwa inashuhudia ndani ya watu huku mawazo yao yakishtakiana au kuteteana. Ishara, nayo, ni jambo linaloonekana ambalo hubeba maana inayolipita, bila ya lenyewe kulazimika kuwa uongo. Kusema kwamba gharika ni ishara ya jambo la nafsini hakuamui kama maji yalipanda au hayakupanda. Kunachosema ni kwamba msomaji aliyeimaliza habari ya Nuhu akiwa amejifunza kuhusu maji peke yake hajaimaliza kuisoma.

Usomaji wa namna hii haukubuniwa na watu wa sasa, wala haukuletwa Afrika kutoka mbali. Origen, aliyezaliwa Aleksandria nchini Misri mnamo mwaka 185, alipozihubiri habari za Yoshua alifundisha kwamba vita vya kuiteka Kanaani vinapiganwa ndani ya mwamini, na kwamba wafalme wanaopaswa kuangushwa ni maovu yaliyojijengea makao moyoni. Baadaye John Cassian, mtawa aliyeishi miongoni mwa wamonaki wa jangwa la Misri, alizipanga maana za Maandiko katika ngazi nne, akatoa mfano wa Yerusalemu, ambayo kwa historia ni mji wa Wayahudi, kwa fumbo ni Kanisa, kwa maadili ni nafsi ya binadamu, na kwa tumaini ni mji wa mbinguni. Ngazi ya tatu, ile ya maadili, ndiyo inayohusika zaidi hapa. Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria hadi kifo chake mwaka 430, aliliandika ungamo lake lote kama mtu anayesimama mahakamani ndani ya kumbukumbu zake mwenyewe.

Ni katika nchi hiyohiyo ya Augustino, mjini Algiers, ambako Charles Lavigerie alianzisha mwaka 1868 shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wanawajua kwa jina la Mapadre Weupe. Mwaka 1885 wamisionari hao walikabidhiwa ngome ya Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kutoka huko Ukristo wa Kikatoliki ulipanda hadi uwanda wa Ufipa, ukaota mizizi kiasi kwamba jimbo lililoitwa Karema lilibadilishwa jina mwaka 1969 kuwa Jimbo la Sumbawanga. Katika historia hiyo hakuna maisha yanayoigusa mada ya hukumu kama ya Adrien Atiman. Alitekwa utumwani akiwa mtoto katika nchi ambayo leo ni Mali, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu kisiwani Malta, kisha akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa mwambao huo hadi alipofariki mwaka 1956. Katika karne za biashara ya utumwa, walikuwapo Wakristo waliolitumia simulizi la laana ya Nuhu, katika sura ya 9 ya kitabu cha Mwanzo, kuhalalisha utumwa wa Waafrika, wakidai kwamba wana wa Hamu walikwisha kuhukumiwa na Mungu, ingawa andiko lenyewe linaielekeza laana ile kwa Kanaani na wala halitaji rangi ya mtu yeyote.

Mfano huo unaonyesha bei ya kuisoma hukumu huku kidole kikimwelekea mwingine. Waliosoma hivyo hawakukosa imani wala hawakukosa Biblia. Walichokosa ni kule kukubali kwamba simulizi la mtoto aliyeuona uchi wa baba yake na kuutangaza kwa ndugu zake lilikuwa na neno juu yao wenyewe, wao waliofaidika na udhaifu wa wengine na kuufanya bidhaa. Daktari Atiman hakuacha hoja ndefu ya kuwajibu, ila miaka sitini na zaidi ya kufunga vidonda kando ya ziwa ambalo misafara ya watumwa ilikuwa imelivuka inatosha kuwa jibu.

Biblia yenyewe humfundisha msomaji wake namna ya kugeuka. Katika sura ya 12 ya kitabu cha Pili cha Samweli, nabii Nathani anamwendea mfalme Daudi, ambaye amemchukua mke wa Uria na kumpanga Uria mahali atakapouawa vitani, na badala ya kumsomea mashtaka anamsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Daudi anakasirika, anatoa hukumu ya kifo, na ndipo nabii anapomwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Sehemu hiyo ina funzo kubwa kuhusu ufahamu wa binadamu, kwa kuwa inaonyesha kwamba dhamiri ya mfalme haikuwa imekufa, bali ilikuwa ikifanya kazi vizuri sana mahali pasipomhusu. Alijua haki, aliipenda haki, na hata hasira yake ilikuwa ya kweli. Kilichokuwa kimefunikwa ni uhusiano wa haki hiyo na maisha yake. Kazi ya nabii ilikuwa kuirudisha hukumu ile nyumbani kwake.

Jambo hilohilo linafanyika katika sura ya 13 ya Injili ya Luka. Watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye anaongeza habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, kisha anakataa wazi kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine, na papo hapo anawaelekeza wasikilizaji waitazame hali yao wenyewe na kutubu. Nabii Ezekieli, karne nyingi kabla, alikuwa amefanya vivyo hivyo na habari ya Sodoma, alipoiambia Yerusalemu kwamba Sodoma ni dada yake, na kwamba uovu wa dada huyo ulikuwa kiburi, shibe na raha ya kukaa bila kumshika mkono maskini. Kwa maneno mengine, ndani ya Biblia yenyewe mji ulioteketezwa ulikwisha kuwa jina la hali ya nafsi: hali ya moyo ulioshiba, uliofunga malango yake, na usioweza tena kumpokea mgeni isipokuwa kwa kumdhuru.

Ukisomwa kwa mwanga huo, mlolongo wa hukumu katika kitabu cha Mwanzo unakuwa ramani ya ufahamu. Edeni ni hukumu ya kwanza, na adhabu yake inaanza kabla Mungu hajatamka hukumu yoyote, kwa kuwa mwanamume na mwanamke wamekwisha kujificha kati ya miti na wamekwisha kuanza kurushiana lawama. Gharika inafuata pale ambapo mawazo ya mioyo yamekuwa mabaya kila wakati, na kwa ishara ni saa ile ambayo yote yaliyozuiliwa chini yanapanda na kuifunika nafsi, ikabaki safina ndogo tu ya kile kilichojengwa kwa utii kabla ya mvua. Babeli ni nafsi inayotaka kujifanyia jina na kufika juu kwa matofali yake yenyewe, hata watu wanaoijenga pamoja wasielewane tena. Mke wa Lutu, aliyegeuka kuwa nguzo ya chumvi, ni ufahamu uliokwisha kuokolewa miguu lakini macho yake yakabaki kwenye kile kinachoungua.

Sasa tuitazame Ufipa. Kati ya mwaka 1963 na 1964, vuguvugu la kuwasaka wachawi lililoitwa kamchape lilipita katika vijiji vya uwanda huo, na mtaalamu wa elimu ya jamii na tamaduni, Roy Willis, aliliandikia makala iliyotolewa mwaka 1968. Mafundi wa kamchape waliwataja waliodhaniwa kuwa wachawi na kuwapa wanakijiji dawa iliyosemwa kuwa ni kinga kwa wema na hatari kwa atakayerudia uchawi. Vuguvugu la ukoo huohuo lilikuwa limeenea miaka ya 1930 huko Rhodesia Kaskazini, nchi jirani ambayo leo ni Zambia, na mtafiti Audrey Richards, katika makala yake ya mwaka 1935, aliwaeleza wasakaji waliowapanga watu mstari na kuitazama sura ya kila mmoja katika kioo ili kumtambua mwenye hatia. Kwa mwenye kutafakari habari za hukumu, maelezo hayo yanafaa kuzingatiwa kwa makini: kioo kilikuwapo, na sura ya kila mtu ilionekana humo, lakini aliyekitazama alikuwa fundi, si mwenye sura.

Haifai mtu wa mbali kuwadharau wanakijiji wa siku zile. Kiu iliyowasukuma ilikuwa ya kweli, nayo ni kiu ya jamii iliyochoshwa na vifo, wivu na hofu, inayotamani siku moja ya usafi ili baada ya hapo kila mtu aishi na mwenzake bila mashaka. Willis mwenyewe aliyaona mavuguvugu haya kuwa ni tamaa ya kuifikia enzi mpya kwa mara moja. Tamaa hiyo ndiyo iliyomo pia katika kitabu cha Ufunuo. Hata hivyo, njia iliyochaguliwa ilihitaji mtu wa kubeba uovu wa wote, na mtu huyo mara nyingi hupatikana miongoni mwa wanyonge. Ndiyo sababu sheria ya uchawi iliyotungwa Tanganyika mwaka 1928, na ambayo bado imo katika vitabu vya sheria vya Tanzania, inamtia hatiani pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Ndiyo sababu pia habari za mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, ambazo Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyozishuhudia, haziwezi kutenganishwa na namna watu wanavyofundishwa kulitafuta chimbuko la bahati na la balaa katika mwili wa mwingine. Sumbawanga, ambayo jina lake hufasiriwa na wenyeji kuwa ni agizo la kutupa uchawi, inalo deni la kuuliza kwa uzito agizo hilo linamhusu nani kwanza.

Urithi wa Wafipa una hazina ya kulijibu swali hilo. Simulizi lao la asili ya utawala linaeleza kwamba mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka juu, na kwamba makao ya ukoo wake yalikuwa Milansi. Siku moja mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda, akiwa amemwonya mke wake kuhusu wageni, na akiwa mbali wakaja wanawake wageni, wakaachiwa kukikalia kiti cha utawala. Aliporudi, nchi ilikuwa imepata wenyewe wengine, ndio Watwa ambao kizazi chao kilitawala Nkansi na Lyangalile, huku Milansi ikibakiwa na heshima ya kikuhani. Willis, katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu kichwa na kiuno, aliona kwamba simulizi hili linabeba mawazo ya Wafipa juu ya mtu mwenyewe: Milansi ni kichwa, makao ya akili na mamlaka, na Watwa ni kiuno, makao ya tamaa, nguvu na uzazi, na maisha mema hutokana na mapatano ya pande hizo mbili.

Mfipa aliyelelewa na simulizi kama hilo hana sababu ya kushangaa akiambiwa kwamba habari za Biblia pia zinaeleza hali ya nafsi. Kiti cha utawala kilichoachwa wazi wakati mwenyewe akiwinda ni ishara inayokaribiana sana na karamu ya Belshaza, ambako mfalme anakunywa katika vyombo vitakatifu hali usiku uleule ufalme unaondoka mikononi mwake. Katika masimulizi yote mawili hukumu haitoki nje kama radi; inadhihirisha tu kwamba dhamiri haikuwa kitini pake, na kwamba pasipo na mwenyewe hukaa mwingine. Zaidi ya hayo, simulizi la Milansi halimalizikii kwa kuangamizwa kwa upande mmoja, bali kwa mapatano, na hapo linamkumbusha Mkristo wa Ufipa kwamba tamaa za mwili hazikuhukumiwa zipotee, zimehukumiwa zirudi mahali pake.

Ufipa ulijulikana pia kwa ufuaji wa chuma, na mabaki ya tanuri zake ndefu, malungu, bado yapo. Tanuri hizo za udongo zilijengwa kupita kimo cha mtu, zikapewa matundu chini ili hewa ivutwe yenyewe bila mivukuto, na ndani yake mawe ya chuma yalichomwa pamoja na mkaa. Lakini kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na takataka, kwa hiyo kilihitaji kuyeyushwa na kusafishwa tena katika tanuri ndogo, kintengwe, iliyovuviwa kwa mivukuto, kabla hakijawa jembe. Nabii Malaki anamfananisha Mungu anayekuja kuhukumu na msafishaji wa fedha aliyeketi penye moto, na Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba kazi ya kila mtu itapimwa kwa moto. Mfuachuma wa Ufipa angelielewa jambo hilo haraka kuliko msomi, kwa kuwa alijua kwamba moto haulichukii jiwe, na kwamba chuma na takataka vimo katika jiwe lilelile. Kugawa vijiji kati ya watu wa chuma na watu wa takataka ni kutoijua kazi ya tanuri. Wala mchomo mmoja hautoshi. Dhamiri iliyoamshwa leo itahitaji kesho moto wa pili, mdogo na wa karibu zaidi.

Ziko hoja mbili zinazopinga usomaji huu, na zote zinastahili jibu. Ya kwanza inasema kwamba ukiitia hukumu ndani ya nafsi unaifuta historia na unamwondolea Mungu enzi yake. Jibu ni kwamba mapokeo ya Cassian hayakuondoa ngazi ya kwanza yalipoongeza ya tatu. Yerusalemu ya nafsini haikuibomoa Yerusalemu ya mawe, na mwamini anayejiona katika Sodoma anaweza bado kukiri kwamba ipo siku ya mwisho ambayo haimo mikononi mwake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba usomaji wa ndani humfanya mtu ajishughulishe na nafsi yake akamsahau jirani, na historia inaipa hoja hiyo nguvu. Neville Goddard, mzaliwa wa Barbados aliyefundisha Marekani katika karne ya 20, alisema kwamba Biblia nzima ni mchezo wa kuigiza unaofanyika katika ufahamu wa mtu, na kwamba ulimwengu unaomzunguka ni zao la mawazo yake. Fundisho hilo likifuatwa hadi mwisho wake, mgonjwa anakuwa amejiletea ugonjwa na aliyeshambuliwa anakuwa ameliwaza shambulio lake. Yaani linawarudisha marafiki wa Ayubu, waliokaa naye majivuni wakimtafutia kosa linaloeleza vidonda vyake, na ambao mwishoni mwa kitabu Mungu mwenyewe anawakemea. Usomaji wa ndani ulio sahihi una mpaka: kila mtu huutumia kwa nafsi yake peke yake. Pindi mhubiri anapomwambia mjane kwamba msiba wake ni kioo cha dhamiri yake, amekwisha kuwa fundi wa kamchape, hata kama amevaa joho na ameshika Biblia.

Kuna kipimo kingine cha usahihi wa usomaji huu, nacho kinatoka katika sura ya 19 ya Injili ya Luka. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, hakuhukumiwa na yeyote mezani pake. Hukumu ilitoka ndani, lakini haikubakia ndani, kwa maana alisimama na kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini na malipo mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Daudi alitubu kwa machozi, ila Uria hakufufuka. Toba ya moyoni isiyofika kwa aliyeumizwa ni mshtakiwa aliyejiachilia huru mwenyewe. Katika Ufipa hilo lina maana ya wazi: familia iliyomfukuza bibi yake kwa tuhuma imrudishe na kumjengea, kijana aliyeahidiwa utajiri kwa damu ya mwenzake aitazame tamaa yake na ajitokeze mbele ya sheria, na mzee wa kanisa aliyenyamaza wakati wa tuhuma aseme hadharani kwamba alinyamaza.

Katekista wa kigango na mchungaji wa usharika wana nafasi kubwa katika jambo hili, pengine kuliko maprofesa, kwa kuwa ndio wanaoamua kila Jumapili hadithi ya hukumu imwelekee nani. Wanaweza kuihubiri Sodoma hata kila msikilizaji akatoka na jina la jirani yake mdomoni, au kuihubiri kama Ezekieli, hata kila mmoja akajiuliza ni mlango upi alioufunga alipokuwa ameshiba. Mahubiri ya namna ya kwanza huwapa watu mshtakiwa. Ya namna ya pili huwapa kazi ya kufanya. Jamii ambayo kila mtu ndani yake amekubali kuwa wa kwanza kusomewa mashtaka haitakosa maovu, lakini itakuwa imemwondolea mnyonge mzigo wa kuyabeba maovu ya wote, na hiyo ni haki ambayo inaweza kuanza kutendeka kabla ya siku ya mwisho.